MAWAIDHA YA KUMKUMBUKA BIBI ALIYETOKA KARAGWE

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa mume na mke, akawaweka katika matumbo ya mama zao kabla ya kuwaweka juu ya ardhi. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mtu akifa, akaoshwa na kukafiniwa, akasaliwa na kufukiwa, hukaa mwanachuoni kichwani pa kaburi akamsomea talakini. Hiyo ndiyo desturi ya watu wa madhehebu ya Imamu Shafi'i tangu zamani. Hadithi yake, iliyopokewa kwa Abu Umama, ina udhaifu katika njia yake, lakini Imamu Nawawi amesema kuwa talakini ni jambo lipendezalo, na watu wa Sham walidumu nayo. Wako waikatazao, na mjadala wao una mahali pake. Litakiwalo hapa ni jambo moja tu lililomo katika hadithi hiyo, nalo ni kuwa maiti haitwi kwa baba yake. Maisha yake yote aliitwa fulani bin fulani, sokoni na msikitini na mbele ya kadhi. Akishalazwa katika mwanandani huitwa kwa mama yake. Na Mtume s.a.w. alipoulizwa katika hadithi hiyo itakuwaje kama mama wa maiti hajulikani, alijibu kuwa anasibishwe kwa Hawa, mama wa watu wote.

Basi na utazamwe mfano wa bi kizee mmoja wa mji wa pwani, aliyefariki miaka michache baada ya Tanganyika kupata uhuru wake mwaka 1961. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwani walio mfano wake walikuwa wengi. Alikuwa amekula chumvi nyingi. Aliolewa akiwa kigori, akazaa watoto saba, akazika wanne. Mmoja katika hao wanne alikuwa binti yake, aliyekufa akaacha mtoto mchanga ambaye hajatimiza siku arubaini. Bibi alimchukua mtoto huyo akamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama, mpaka akasimama, mpaka akatembea, mpaka akabalehe. Alikuwa akiamka kabla ya mwadhini, akikanda unga wa visheti gizani. Kukipambazuka mjukuu huvitembeza kwa sinia mitaani. Fedha ya kwanza ya juma ilikuwa ya mwalimu wa chuo, ndipo mafuta ya taa, ndipo chakula. Mwenyewe hakujua kusoma khati, lakini Juzuu Amma alikuwa nayo kifuani kwa kusikia tu. Mtoto alipokuwa akidurusu jioni akakosea irabu, bibi hakusema neno. Alikohoa, na mtoto akarudi nyuma akaisoma tena aya.

Na alikuwa akimwita mjukuu wake tata. Njoo, tata. Umekula, tata? Watu wa nyumbani walidhani ni neno lisilo maana, katika maneno ya kubembelezea watoto.

Siku aliyokufa watu walikuwa wengi. Wanawe ni watu wenye nasaba: humtaja baba, na baba wa baba, wakaenda hivyo mpaka wakafika Hadhramut bila ya kukwama. Mwanachuoni alipokaa kichwani pa kaburi, alimwinamia mkubwa wao akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama yake nani?" Mkubwa akamtazama wa pili. Wa pili akatazama udongo. Mwisho mmoja wao akasema, "Alikuwa mtu wa bara. Wa Karagwe." Akaulizwa, "Jina lake?" Pakawa kimya. Basi bi kizee akaitwa: ewe mja wa Mwenyezi Mungu, binti Hawa.

Hapana kosa la sharia katika wito huo, ndio uliofundishwa. Lakini mjukuu aliyenyweshwa maziwa ya mbuzi alikuwa amesimama pale, naye alirudi nyumbani na jambo zito. Aliyemlea alikuwa na mama, na mama huyo alimzaa kwa uchungu kama wanavyozaa wanawake wote, na katika umati wote wa watu wale hapakuwa na hata mmoja aliyejua aliitwaje.

Karagwe ni nchi ya vilima na majani, magharibi ya Ziwa Viktoria, na mto Kagera ndio mpaka wake na Rwanda. Wenyewe ni Wanyambo. Zamani ilikuwa ufalme, na makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Leo nchi hiyo ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa, na hii ya pili ilitengwa na ile ya kwanza mwaka 2012. Misafara ya pwani ilifika huko katika karne ya kumi na tisa kwa njia ya Tabora, kutafuta pembe, na wengine wakapita kwenda Buganda. Wafanya biashara walijenga kijiji chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, wakakaa humo miaka mingi, na humo wakazaa.

Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, kisha akaandika kitabu cha safari yake. Humo ameeleza jinsi alivyompima mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, mkono na kifua na paja, kwa kuwa alistaajabu kwa unene wake. Vipimo vimo kitabuni hata leo. Jina la mwanamke halimo. Mwaka 1876 akafika Stanley, akamkuta Kafuro tajiri wa Kiarabu, Hamed bin Ibrahim, akaandika mali yake kama alivyoambiwa na mwenyewe: ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100, na pembe za ndovu 450. Akaongeza kuwa ana masuria na watoto wanne. Amemsifu kwa ukarimu, na kwa upole wake kwa wanawake wa nyumba yake, na yaweza kuwa ni kweli. Lakini pembe zimeandikwa idadi yake na zilikowekwa, na mama za watoto wale wanne hawakuandikwa kitu, si majina, si makabila, si wazee wao.

Wala asiseme mtu kuwa hiyo ni tabia ya Wazungu. Hati nyingi za nasaba zilizowekwa katika makasha ya pwani ni hivyo hivyo. Majina ya wanaume yamefuatana kama shanga katika uzi, na mahali pa mama aliyetoka bara pametupu. Mwanamke akisilimishwa aliitwa binti Abdallah, na jina la baba yake aliyemzaa likafa siku ile. Na walio na bibi wa namna hiyo ndio mara nyingi wa kwanza kukaa barazani wakawaita watu wa bara washenzi. Ajabu ya mtu kumtukana mama wa mama yake na asijue!

Je, bi kizee yule mwenyewe alikuwa halijui jina la mama yake? Alilijua. Alilala ubavuni pake miaka. Alilificha, na sababu yake haikuwa uchache wa mapenzi. Mama yake aliletwa pwani akali msichana, katika miaka ambayo sotoka ilimaliza ng'ombe wa Karagwe na njaa ikaingia, akawa suria katika nyumba ya watu. Utumwa ulipofutwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897, masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Na Tanganyika sheria ya kuumaliza kabisa ilitoka mwaka 1922. Sheria zikapita, ndimi za watu hazikupita. Mtaani ugomvi wa kisimani haukuchelewa kufika kwa neno mjakazi. Basi bi kizee akafunga mdomo, ili wanawe wasije wakatupiwa neno hilo usoni. Aliyeficha alificha kwa huruma, na waliosahau walisahau kwa raha, na mambo hayo mawili hayako sawa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Sharia haikumdharau mwanamke huyo. Katika fiqhi, suria akimzalia bwana wake hawezi tena kuuzwa wala kutolewa, na bwana akifa yeye ni huru; na mtoto wake huzaliwa huru, mwenye nasaba kamili, sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hajar, mama wa Nabii Ismail, alikuwa mjakazi kutoka Misri. Na Waislamu wote waendao Makka, masharifu na wasio masharifu, hukimbia baina ya Safa na Marwa katika nyayo za mwanamke huyo aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji.

Na Ummu Ayman, jina lake Baraka, alikuwa mtu wa Habasha, na Mtume s.a.w. alimrithi kwa baba yake. Bibi Amina alipofariki Abwa, njiani kutoka Madina, na Mtume ni mtoto wa miaka sita, aliyemshika mkono akamrejesha Makka ni Ummu Ayman. Baadaye alimpa uhuru wake. Akawa akimhesabu kuwa ni mama yake baada ya mama yake, na akimzuru nyumbani kwake. Alipofariki Mtume, Abu Bakr na Umar r.a. walisema waende kumzuru kama alivyokuwa akimzuru yeye. Walipofika, bi kizee akalia. Wakamkumbusha kuwa aliyonayo Mtume kwa Mola wake ni bora. Akasema kuwa hayo anayajua. Analia kwa kuwa wahyi umekatika kutoka mbinguni. Wakalia na wao pamoja naye. Wakubwa wawili wa umma, katika nyumba ya mwanamke mzee wa Kihabashi, wanalia kwa kulizwa naye. Na aone haya mwenye kupita mlango wa bibi yake asiingie, kwa kuwa ana shughuli dukani.

Thuwayba naye alikuwa mjakazi wa Abu Lahab, aliyemnyonyesha Mtume siku chache tu. Wenye sira wameandika kuwa Mtume, baada ya kuhamia Madina, alikuwa akimpelekea nguo na zawadi Makka. Na alipopata habari ya kifo chake aliuliza khabari za mwanawe, akaambiwa amekwisha kufa. Akauliza ni nani aliyebaki katika jamaa zake, akaambiwa hakubaki mtu. Aliuliza mpaka wakaisha wa kuuliziwa.

Sasa na isikilizwe hukumu ya Abu Bakr, kwani ndani yake mna jambo kubwa. Katika ukhalifa wake, bibi mmoja alimjia akidai fungu lake katika urithi wa mjukuu wake aliyekufa. Abu Bakr akamjibu kuwa haoni fungu lake katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, wala hajui fungu lake katika Suna ya Mtume. Basi arudi kwake mpaka awaulize watu. Hakumfukuza, wala hakumwambia kuwa neno limekwisha. Akauliza. Akasimama Mughira bin Shu'ba akashuhudia kuwa alikuwapo Mtume alipompa bibi sudusi. Abu Bakr hakutosheka na mmoja. Akauliza kama yuko mwingine pamoja naye. Akasimama Muhammad bin Maslama akasema mfano wa hayo. Ndipo akampitishia sudusi yake. Katika zama za Umar akaja bibi wa upande wa pili, naye Umar akamwambia kuwa ni sudusi ile ile: wakikutana wawili wagawane, na aliye peke yake ni yake. Mpaka leo hiyo ndiyo hukumu, kwa mama wa mama na mama wa baba, isipokuwa akiwapo mama wa maiti huwazuia wote wawili, na baba humzuia mama yake.

Abu Bakr siku zile ana majeshi Iraki na Sham, na waliortadi ndio kwanza wamerudi chini ya hukumu, akasimamisha mambo kwa ajili ya sudusi ya kizee. Na bibi huyo, riwaya haikumtaja jina. Jina lake halikuhifadhiwa, haki yake ikahifadhiwa. Imo katika kila kitabu cha mirathi kisomwacho madrasani.

Wala haki hiyo si ya mirathi peke yake. Imamu Nawawi katika Minhaj amethibitisha kuwa nafaka ya wazazi, hata wakipanda juu kiasi gani, ni wajibu juu ya mwenye uwezo, ijapokuwa dini zao ni mbalimbali. Kwa hiyo mtu wa pwani mwenye bibi Karagwe ambaye hakusilimu, naye ni mhitaji, hana njia ya kusema kuwa dini imewatenga. Katika urithi imewatenga. Katika chakula na nguo haikuwatenga. Asmaa binti Abu Bakr alijiwa na mama yake, naye ni mshirikina, akamwuliza Mtume kama amuunge, akaamrishwa amuunge. Ama walioishi na kufa katika vilima vile kabla ya kufikiwa na daawa, maulamaa wengi wa Kishafi'i na Kiash'ari wameshika neno la Mwenyezi Mungu kuwa haadhibu watu kabla ya kuwapelekea Mtume. Basi na auzuie ulimi wake mwenye kuwatia watu motoni akiwa amelala juu ya kitanda cha kamba.

Mjukuu yule alipokuwa mtu mzima aliuliza kwa mwanachuoni nini kimebaki cha kumfanyia bibi yake na mama wa bibi yake. Akajibiwa kwa hadithi ya mtu wa Banu Salama, aliyeuliza mfano wa hayo juu ya wazazi wake waliokufa: akaambiwa awaombee na kuwatakia maghufira, atimize ahadi zao, awaheshimu marafiki zao, na auunge ule udugu ambao haungwi illa kwa njia yao. Akasema, "Udugu wao uko Karagwe, na ukoo siujui." Mwanachuoni akamkumbusha kuwa Mtume aliwabashiria masahaba kuwa wataifungua Misri, akawausia wawatendee wema watu wake, kwani wana udugu nao. Maulamaa wamesema udugu huo ni Hajar. Baina yake na Mtume vimepita vizazi ambavyo idadi yake haikuthibiti, wala hakuuliza Hajar ni wa kijiji gani. Aliifanya nchi nzima kuwa ni wajomba.

Basi akaenda. Alifuatana na wafanya biashara waliokuwa wakipanda Karagwe kununua kahawa na maharage. Siku ya pili, penye soko, mtoto mdogo alimkimbilia mtu aliyekuwa akishusha mizigo, akipiga kelele, "Tata! Tata!" Akauliza maana yake. Akaambiwa, "Ni baba. Anamwita baba yake." Mjukuu akakaa juu ya gunia. Miaka yote ile bibi alikuwa akimwita baba, kama mabibi wote wa pwani wawaitavyo wajukuu zao, ila yeye alimwita kwa ulimi wa mama yake. Jina alilificha, na hilo neno moja lilimponyoka kila siku, wala hapana aliyelisikia.

Aliuliza kwa wazee habari za msichana aliyechukuliwa miaka ya njaa. Walimwuliza, "Binti wa nani? Wa ukoo gani?" Hakuwa na jibu. Wakasema kuwa wasichana waliokwenda katika miaka ile walikuwa wengi, wakampa maziwa, akanywa.

Wenziwe siku hizo walikuwa wakinunua butura, ndiyo kahawa inunuliwayo mtini ingali mbichi, kwa bei ya mwenye shida. Mmoja alikuwa amekwisha patana na kizee mjane, aliyetaka fedha ya dawa, kwa kibuyu cha thamani badala ya bahari. Na mauzo hayo, pamoja na dhuluma yake, hayasihi: Mtume amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake, na kwa Shafi'i hayajuzu ila kwa sharti ya kukatwa papo hapo. Mjukuu akasema, "Huyu umpunjaye huenda ni bibi yangu." Wakamcheka. Akampa mjane fedha ya dawa kwa mkopo usio na nyongeza, na wakati wa mavuno akarudi akainunua kahawa yake kavu, kwa mizani, kwa bei ya siku ile. Alifanya hivyo kila msimu mpaka mjane akafa, na baada yake kwa binti zake.

Na kila mwaka, ilipofika siku ya khitima ya bibi yake, alimtaka msomaji baada ya kuyataja majina ya wanaume wa Hadhramut asisimame hapo. Naye msomaji alikuwa akiomba: Ewe Mola, na thawabu za tuliyoyasoma zifikishe kwa mja wako aliyekohoa gizani mtoto alipokosea aya Yako, na umrehemu mama yake, mwanamke wa Karagwe. Watu wake wamelisahau jina lake, na Wewe ndiwe uliyempa. Amin.